Kozi tatu, ofa moja: nilivyopanga maombi ya Chevening na vyuo vya Uingereza

Fomu ya Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, inakutaka uandike kozi tatu za uzamili, na hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo. Kuandika kozi kwenye fomu ya ufadhili si kuomba chuo. Ni maombi mawili yanayokwenda sambamba: huku Chevening, kule kila chuo na mfumo wake. Dirisha la ufadhili kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba, usaili unakuja baada ya mwaka mpya, majibu huanza kutoka Juni, na ifikapo Julai lazima uwe na ofa isiyo na masharti, yaani chuo kimekukubali bila kukudai kitu kingine, kutoka walau kozi moja kati ya zile tatu. Usipokuwa nayo, nafasi imekwenda, hata kama wasaili walikupenda. Ndiyo maana hesabu yangu yote niliianzia Julai nikirudi nyuma.

Kuchagua kozi kwanza. Sikutafuta majina makubwa matatu. Nilianza na sentensi moja: nikirudi nyumbani nitafanya kazi gani, na kozi gani inaifundisha hiyo. Kwangu ilikuwa maji na usafi wa mazingira, fani ambayo Cranfield na Leeds wana kozi zake kabisa. Msaili akiuliza kwa nini hizi tatu, jibu liwe kwenye majina ya moduli na si kwenye orodha ya ubora wa vyuo. Anayeandika biashara, afya ya jamii na mahusiano ya kimataifa kwenye fomu moja anamwambia msomaji kwamba anachotaka ni safari.

Halafu kuna uzito wa milango, yaani ugumu wa kupata nafasi. Kozi moja niliichagua kwa sababu inajibu mapema na masharti yake nilikuwa nayo tayari mkononi. Hiyo ndiyo nguzo. Moja ikawa ninayoitamani zaidi, ya tatu katikati. Ukiweka tatu zote za kugombaniwa, unaweza kupita usaili kisha ukakosa pa kwenda.

Soma ukurasa wa kozi hadi chini. Iwe ya darasani, ya muda wote, ya mwaka mmoja, inayoanza msimu wa Septemba au Oktoba. Vyuo vingi vina kozi ileile kwa masafa, kwa muda wa ziada au inayoanza Januari, na majina yanafanana herufi kwa herufi. Kinachotofautiana ni kodi tu, yaani namba ya utambulisho wa kozi. Ukiomba ya Januari chuoni, ofa utapata, lakini haitakusaidia Chevening. Mimi nilinakili jina kamili na kodi kwenye jedwali, pamoja na siku ya mwisho, ada ya maombi, alama za Kiingereza na tarehe ya amana, na kila fomu niliijaza nikiwa nimelifungua jedwali hilo pembeni.

Ada ya maombi inaamua mengi kwa mtu wa mshahara wetu. Oxford, Cambridge, LSE, Imperial na UCL wanatoza kwa uzamili. Vyuo vingi vingine havitozi. Angalia kama kuna msamaha wa ada kwa nchi zenye kipato cha chini kabla hujatoa kadi ya benki, kwa sababu ukishalipa hairudi.

Wastani wa alama nao usiukisie. Vyuo vina ukurasa wa kila nchi, unaosema Tanzania wanataka GPA ngapi, Kenya daraja gani. Mwenye daraja la pili la juu, ambalo kwa vyuo vyetu vya Tanzania huanzia GPA ya 3.5 kwa 5, yuko salama kwenye vyuo vingi. Chini ya hapo tafuta kozi zinazosema wazi kwamba uzoefu wa kazi unahesabika.

Sasa barua za wadhamini, yaani watu wanaokuandikia mapendekezo, maana ucheleweshaji mwingi unatoka huku. Chevening wanataka barua mbili ukishaitwa kwenye usaili. Vyuo wanazitaka mapema, na mara nyingi hawapokei barua mkononi mwako: ukibonyeza kutuma, mfumo unampelekea mdhamini kiungo kwa barua pepe. Kiungo kinaangukia kwenye folda ya barua taka. Na ukiandika anwani ya Gmail, vyuo kadhaa vinaikataa moja kwa moja. Wanataka anwani ya taasisi, ambayo wahadhiri wetu wengi hawaifungui mwezi mzima. Nilimpigia kila mdhamini kabla ya kutuma fomu yoyote: "Shikamoo Dokta, naomba uifungue barua pepe ya chuo leo jioni, kuna kiungo kinakuja." Nikampa na karatasi moja yenye majina ya kozi, tarehe, na mambo mawili matatu aliyonisimamia, asilazimike kukumbuka. Barua ya kichwa cha taasisi, iliyosainiwa na kugongwa muhuri, tuliihifadhi kama PDF ili kwenye kila mfumo aipakie tu.

Majina yalinganishwe mapema. Pasipoti ikiwa na majina matatu na cheti cha chuo mawili, au mpangilio umebadilika, chuo kinaweza kukupa ofa yenye sharti la kuthibitisha kwamba ni mtu yuleyule. Kiapo cha wakili kinamaliza jambo hilo kwa siku moja ukiwa nyumbani. Mwezi Julai siku hiyo moja ni ghali.

Masharti mengine ya kawaida ni transkripti kamili, cheti chenyewe, na Kiingereza. Baadhi ya vyuo wanakubali barua ya chuo chako inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza, wengine hawataki kuisikia. Uliza kwa barua pepe na uhifadhi jibu. Ukilazimika kufanya IELTS, mtihani wa Kiingereza, mara nyingi 6.5 kwa jumla bila kipengele chini ya 6.0 inatosha, na matokeo yanadumu miaka 2, kwa hiyo usifanye mapema mno.

Amana ndiyo mtego wa mwisho. Ofa nyingi zinakuja na tarehe ya kulipa sehemu ya ada, na tarehe hiyo huwa kabla ya majibu ya ufadhili. Usilipe. Andikia ofisi ya udahili namba yako ya maombi, jina la kozi, kwamba umeomba Chevening na majibu ni Juni, na uombe tarehe isogezwe. Kwangu walisogeza. Kwenye swali la nani atakulipia, jaza ufadhili tangu mwanzo, usijaze kwamba utajilipia.

Kwenye fomu ya Chevening yenyewe, saa 2,800 za uzoefu wa kazi wanazotaka zinakusanywa: ajira, kujitolea, mafunzo kazini, kila kitu na tarehe zake. Na muda wa kufunga huandikwa kwa saa za kimataifa (UTC), si za kwetu. Saa 6 mchana za UTC ni saa 9 alasiri kwetu, si usiku wa manane.

Mwaka huohuo unaweza kuomba pia Commonwealth Shared Scholarships, ufadhili mwingine wa Uingereza kwa watu wa nchi za Jumuiya ya Madola, ambao dirisha lake hufungwa karibu na Desemba. Humo kila chuo kinachagua watu wake, na unaruhusiwa kuomba zaidi ya kimoja ila kukubali mmoja tu. Nyaraka ni zilezile. Insha ndizo zinazobadilika.

Ukikosa ufadhili, kabla ofa haijafutika, uliza kama inaweza kusogezwa mwaka mmoja. Ukipata, thibitisha chuo kimoja, zikatae hizo nyingine kwenye mfumo, kisha uweke miadi ya kipimo cha kifua kikuu kwenye kliniki inayotambuliwa na Uingereza, kwa kuwa viza ya masomo haitolewi bila cheti hicho.