Kuzunguka banio

Jumamosi za kiangazi nikitoka zamu ya usiku sirudi nyumbani. Kazi yangu ni kufua mashuka ya hospitali hapa Denver, Colorado, na usiku wa Ijumaa baiskeli hunisubiri kwenye kona ya chumba cha mashine. Kukipambazuka naipanda hadi Union Station, naitundika kwenye kibebeo kilicho mbele ya basi la Bustang (nafasi ni chache, wahi), nakaa dirishani, nalala. Wa kuniamsha ni masikio. Tukilikaribia handaki la Eisenhower, kama mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, yanaziba na kuzibuka, nami najua kwamba mji mdogo wa Frisco hauko mbali.

Frisco ndipo ninapoanzia kulizunguka Bwawa la Dillon. Mzunguko mzima ni kilomita 29 hivi, karibu wote kwenye njia ya lami iliyotengewa baiskeli na waenda kwa miguu. Uso wa maji uko mita 2,748 juu ya bahari. Watu wa Marangu watanielewa nikisema ni kama kuendesha baiskeli pale Mandara, kibanda cha kwanza cha wapanda Kilimanjaro. Mjomba wangu alikuwa mpagazi mlimani, na maneno yake ya kila siku kwa wageni ndiyo ninayojiambia dakika ishirini za mwanzo: pole pole. Mwaka wa kwanza sikujiambia. Nilitoka Frisco kwa gia nzito kana kwamba niko mjini, na kabla sijamaliza kilima kidogo cha kwanza kifua kilikuwa kinawaka na mikono inatetemeka kwenye usukani. Siku hizi naanza na gia nyepesi kuliko ninayoihitaji, nakunywa maji kabla kiu haijaja, na kahawa naiacha mpaka nirudi.

Nenda kwa mwelekeo wa saa, yaani kutoka Frisco uelekee ukuta wa bwawa. Nimejaribu kote kuwili. Asubuhi upepo umelala, maji yako kama sahani, na mlima Buffalo umejilaza ndani yake kichwa chini. Ukienda kinyume, ukuta utaufikia mchana upepo umeshaamka, na pale juu hakuna mti wa kukukinga. Ni tuta la udongo lenye urefu wa karibu kilomita 1.8 na kimo cha mita 70 hivi, lililokamilika mwaka 1963. Karibu nalo kuna shimo la zege la mviringo, kama faneli kubwa, ambalo humeza maji bwawa likijaa kupita kiasi. Msimu theluji ya milimani ikiyeyuka kwa wingi, simama ulitazame.

Baada ya tuta unaingia mji wa Dillon. Huu ni Dillon mpya. Ule wa zamani uko chini ya maji, pale mito mitatu ilipokuwa inakutana: Blue, Snake na Tenmile. Mamlaka ya maji ya Denver ilianza kununua viwanja vya pale wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, watu walipokuwa hawana hata fedha za kulipia kodi ya ardhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliobaki wakalazimika kuhama. Nyumba chache ziliburutwa hadi juu, na jengo la shule ya zamani bado lipo, sasa ni makumbusho. Makaburi pia yalihamishwa.

Hapo kwenye makaburi ndipo ninapokwama kila mara. Kwetu mtu anazikwa kihambani, kati ya migomba yake, hatua chache kutoka mlangoni. Babu yangu amelala pale, na baba anapokata mkungu wa ndizi anamsalimia. Ukiniambia kihamba kitafurika kwa sababu mji fulani ng'ambo ya mlima una kiu, nitauliza maswali mengi kabla sijamshika babu yangu na kumpeleka mahali pengine. Na ng'ambo ya mlima ndiko niliko mimi. Yale mashuka ninayoyafua usiku, sehemu ya maji yake yanatoka hapa.

Yanafikaje Denver? Njia ya baiskeli inapoelekea mashariki, kando ya mkono wa bwawa unaoingiliwa na mto Snake, unapita karibu na mahali maji yanapochukuliwa. Huoni kitu. Chini ya uso wa bwawa kuna mlango wa handaki la Roberts, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 37, linalopenya chini ya mgongo wa milima hadi upande wa pili, kwenye tawi la mto South Platte. Maji yaliyokuwa yashuke magharibi kwa mto Blue hadi mto Colorado yanageuzwa yaende mashariki. Hayasukumwi na pampu. Yanateremka yenyewe mle gizani.

Huo ni mfongo, nilijisemea siku nilipoelewa. Mfongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusikia, lakini ni mfongo. Wachagga wamegeuza vijito vya Kilimanjaro kwa karne nyingi hivyohivyo: unaweka banio, yaani kizuizi cha kuyageuza maji, juu mtoni, unachimba mfereji unaofuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana, na maji yanatembea yenyewe hadi kihambani. Jirani zetu Wapare wana ndiva zao, mabwawa madogo yanayojaa usiku ili yafunguliwe mchana. Hapa wameunganisha vyote viwili.

Babu alikuwa mmoja wa wazee wa mfongo wetu. Alijua zamu ya kila nyumba, na aliyefungua maji saa isiyo yake alijibu mbele ya wazee. Nilimfuata kila alikokwenda, isipokuwa sehemu moja. Kwenye banio wasichana hatukuruhusiwa kufika. Kaka zangu walipanda na majembe siku za kusafisha, wakarudi na matope hadi magotini, wakisimulia. Mimi nililijua banio kwa masimulizi tu, na mpaka nilipoondoka Marangu nikiwa na miaka ishirini na minne, sikuwa nimeliona.

Kwa hiyo hapa kwenye mkono wa Snake hushuka kwenye baiskeli. Naiegemeza, nakaa ukingoni, nala ndizi yangu. Kuogelea ni marufuku bwawa zima, kwa kuwa maji haya ni ya kunywa, na babu angekubaliana na hilo. Alitufukuza mfongoni kwa fimbo tukijaribu kunawa miguu asubuhi.

Kazi inakuja baada ya hapo. Ukishapita Summit Cove, barabara ya Swan Mountain inapanda kama mita 150 hadi Sapphire Point, karibu mita 2,900. Si mlima mrefu, lakini hewa ni nyembamba, na kuna vipande ambavyo ukinyanyuka kwenye kiti unajuta. Kaa, pedali kwa mdundo mmoja. Misonobari mingi huku iliuawa na mende wa magome miaka ya 2000, na michanga imeshaota kwa wingi chini ya mashina ya kijivu. Juu kuna vikindi vyenye mistari mgongoni vinavyokuja hadi kwenye viatu. Usivipe chakula. Tazama badala yake bwawa lote chini yako, na safu ya Tenmile ng'ambo.

Ila usikae hadi mchana. Julai na Agosti mawingu hujengeka kuanzia saa sita, na radi za huku hazina subira. Mwaka juzi nilichelewa kwa sababu ya pancha, na mvua ya mawe ikanikuta kwenye mteremko wa kushukia Farmers Korner. Vidole viliganda hata breki sikuzihisi, nikashuka na kuikokota baiskeli hadi chini. Tangu siku hiyo nabeba glovu na koti la mvua hata kama anga ni bluu tupu. Kutoka Farmers Korner hadi Frisco ni rahisi.

Ukibaki na nguvu, kule Keystone, mashariki mwa bwawa, kuna barabara ya kupanda Loveland Pass, mita 3,655, karibu sawa na Horombo, kibanda kinachofuata Mandara. Nimeipanda mara moja. Malori ya mafuta hupita huko kwa kuwa mizigo ya hatari hairuhusiwi handakini, na pembezoni ni pembamba. Sirudii.

Mwezi uliopita nilimpigia baba simu ya video nikiwa pale ukingoni, nikamgeuzia kamera.

"Banio liko wapi?" akauliza.

"Chini ya maji, Baba. Halionekani."

"Na wa kule chini ya mto, zamu yao lini?"

Nikamweleza nilivyosoma. Huku haki ya maji inahesabiwa kwa tarehe: aliyeanza kuyatumia ndiye anayetangulia kupata. Bwawa la Green Mountain, chini zaidi kwenye mto huohuo wa Blue, lina haki ya mwaka 1935. Denver ina ya 1946, na mwaka 1955 walikubaliana mahakamani hivyo. Mwaka wa ukame, mwenye tarehe ya baadaye anasubiri.

Baba alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia Jumamosi inayofuata wanakwenda kusafisha mfongo, na kwamba siku hizi mabinti wa jirani nao wanapanda. Wiki iliyopita picha ikaingia kwenye simu yangu saa tisa usiku, katikati ya zamu, mashine zikinguruma. Mawe, magogo mawili, majani ya mgomba yaliyokandamizwa kwa udongo, na maji yanakunja kona. Nililitazama mpaka mzunguko wa kusuuza ukaisha.