Kwii mbili za jeki

Juzi tumepata pancha kabla hatujafika Mombo, dereva akaingia chini ya gari na jeki, ile ya mafuta, akaanza kupampu. Kwii, kwii, kwii. Mimi nikajikuta nimesogea mpaka ng'ambo ya barabara bila mtu kunituma. Mwanangu akaja mbio, baba unaogopa jeki? Nikamwambia siogopi, nasikia harufu ya maepo tu. Akanicheka, na ana haki, pale kulikuwa na harufu ya tairi na mkonge basi.

Nina mjomba, mtu ambaye mashine yake ya kutotolea vifaranga iliwahi kuungua na mayai yake. Nilipokuwa Form Two, maepo yetu ya Lushoto yalikuwa hayana soko, madogo, ya kijani, makali mpaka jicho moja linajifunga lenyewe, abiria wa mabasi pale Mombo wanataka yale mekundu ya South yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Kwa hiyo yanaoza chini ya miti. Mjomba akasema haya yatakamuliwa. Kuna Mjerumani mmoja wa mradi wa misitu alikuwa amemchorea mchoro, kwao wanakamua hivyo hivyo, mjomba akaukunja akaweka kwenye Msahafu na hakuutazama tena.

Cha kwanza ilikuwa kinu cha kusagia, maana epo zima halikamuliki hata ulikanyage na lori, lazima liwe machicha kwanza. Akachonga gogo la duara, akalipigilia misumari vichwa vikabaki nje kidogo, akalifunga cheni na pedeli ya baiskeli, juu akaweka debe lililokatwa kitako. Lilisaga balaa! Ila juisi ya kwanza tuliyoikamua kwa mikono ilikuwa nyeusi kama maji ya kutu na ladha yake ni ya kulamba bawaba ya mlango, kumbe ukali wa epo ukikutana na chuma ndiyo matokeo yake. Akang'oa misumari yote akaweka skrubu za steni. Wiki nzima hiyo, na mimi ndiye wa kuendesha pedeli.

Halafu kikamulio. Nguzo mbili za mkaratusi, boriti juu, sinia chini, chanja za mbao katikati, na jeki ya lori ya tani 10 aliyoazima. Kitambaa cha kufungia machicha kilikuwa pazia la neti la sebuleni la mama, ambaye siku hiyo alikuwa Tanga na hakuwa na habari.

Tukamwaga machicha, tukakunja pazia kama bahasha, chanja juu, bahasha nyingine, chanja, bahasha ya tatu. Juisi ikaanza kuchuruzika kabla hata sijagusa jeki, kwa uzito wake tu. Watoto wa jirani wamejipanga na vikombe, nyuki nao wamefika, sijui nani aliwaambia. Nikapampu. Kwii. Uzi mwembamba ukageuka kamba, rangi ya njano iliyopauka ambayo ukiiacha dakika chache kwenye kikombe inakuwa kama chai ya rangi. Kwii. Mzigo ukaanza kuinama upande mmoja, mjomba akapiga magoti akaweka mkono wa kushoto kwenye ubao wa juu kuunyoosha, akasema, "Hapo hapo mjomba, subiri, iache ichuruzike yenyewe." Nikasubiri. Kikombe changu kilikuwa cha nne kwenye foleni, cha plastiki, chekundu, kimekatika mkono. Juisi ikapungua ikawa matone. Tone. Tone. Mjomba anaangalia sinia, haniangalii mimi.

Nikaongeza mbili. Kwii, kwii.

Misumari ya boriti ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, halafu mlio mmoja, halafu jeki iko chini na mjomba ameshika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, hasemi kitu, na watoto wamekimbia na vikombe vyao.

Mengine ni haraka. Hospitali, kidole cha kati kikapona kimepinda. Kilo 40 za maepo zilizotakiwa kutoa kama lita 20 zikatupa 7, zikasahauliwa kwenye dumu, siku ya tatu kifuniko kikaruka chenyewe, babu akanusa akasema hii ni pombe, imwagwe, baba mdogo akajitolea kwenda kuimwaga na akarudi saa nne usiku anaimba. Mama na pazia lake siwahadithii.

Kila aliyeuliza, mjomba alimjibu mbao ilikuwa mbichi. Hakuna aliyeuliza nani alikuwa kwenye jeki. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba boriti ile ilitakiwa ipitishwe bolti, misumari ya inchi 4 haiwezi kuzuia tani 10, kwa hiyo ingeng'oka tu siku yoyote. Labda. Lakini mpaka zile kwii mbili ilikuwa imeshika.

Basi Mombo nikamnunulia mjomba maepo ya zawadi, haraka haraka dirishani. Kufika nyumbani mwanangu hata salamu hajamaliza, "Shikamoo babu, kidole kimefanyaje?" Mjomba akachagua epo moja, akaligeuza, akabandua kile kistika cha South akambandika mtoto kwenye paji la uso.

"Mbao mbichi hiyo, mjukuu wangu."

Halafu akanitazama mimi, akauma epo. Nikainama kutafuta mzigo mwingine kwenye gari, na mizigo yote ilikuwa imeshashushwa.