Siku moja kwenye feri ya magari, Piraeus hadi Poros

Nyumbani wakisikia nafanya kazi visiwani Ugiriki hudhani nashinda ufukweni. Mimi ni baharia wa sitaha. Napanga magari kwenye feri inayotoka Piraeus, bandari ya Athens, kwenda Aegina, Methana na Poros.

Saa 11 alfajiri nipo gatini. Malori ya mboga, saruji na gesi yanaingia kinyumenyume, dereva akifuata mikono yangu tu.

Saa 2 kasorobo tunang'oa nanga. Kuliani ni Salamina, palepale ng'ambo ya Piraeus, ambako mwaka 480 KK Wagiriki waliwashinda Waajemi kwenye mlangobahari mwembamba.

Saa 3 Aegina: kamba, lango, shusha, pakia. Kisha Methana, ambayo wengi huiita kisiwa, kumbe ni rasi ya volkano iliyoshikamana na Peloponnese, upande wa bara, kwa shingo nyembamba ya ardhi.

Saa 4 na robo Poros. Magari yote yakashuka, moja likagoma. Mwenyewe akasema anasubiri kisiwa cha Hydra. Nikamwambia safari yetu inaishia hapa, na Hydra magari ya watu binafsi hayaruhusiwi. Mizigo hubebwa na nyumbu na punda. Akanionyesha simu: mstari mnyoofu kutoka Piraeus hadi Hydra. Huo ni wa boti ziendazo kasi, za abiria tu. Nyuma yake lori la samaki linapiga honi. Nikachukua tiketi yake, nikamchorea: Poros yenyewe ni visiwa viwili vilivyounganishwa kwa daraja, mbele yake, mita mia chache tu, ni Galatas, bara. Vuka na gari kwa kivuko kidogo, fuata pwani hadi Metochi, liache hapo, panda boti. Hydra iko mbele ya macho yako. Akanijibu, "Wewe kazi yako kupunga mikono. Niitie nahodha."

Liliniuma. Ghuba hii ya Saronic naijua gati kwa gati. Nikamwita serahangi, msimamizi wetu mabaharia wa sitaha, naye akarudia yaleyale, neno kwa neno. Jamaa akashuka bila hata kunitazama, ila tiketi yenye mchoro aliishika.

Tulichelewa kila kituo baada ya hapo. Mchana chuma cha sitaha kilichoma hadi ndani ya viatu, tukarudi Piraeus, tukapakia tena, tukaenda tena. Sijui nilikula saa ngapi. Usiku, tukiosha sitaha kwa mpira wa maji, serahangi akaniuliza malori ya njugu za pistachio ya kesho kutoka Aegina tuyaweke wapi. Nikamwambia kushoto, karibu na lango.