Umenivunjia Nyumba

Jumapili, saa nne usiku.

Leo nimefuta karibu mistari themanini ya msimbo, na moyo umetulia kuliko siku zote za mwezi huu.

Kwa asiyenijua: mchana nauza vitambaa dukani kwa mjomba, usiku natengeneza gemu ya bao. Nasema bao la Kiswahili lenyewe, la mashimo 32 na kete 64. Mwaka wa pili sasa. Natumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, kwanza kwa kuwa ni ya bure, halafu kwa kuwa Waargentina wawili walioianzisha, Juan Linietsky na Ariel Manzur, waliuachia msimbo wake hadharani mwaka 2014. Ukikwama unaingia jikoni mwenyewe, unaona chakula kilivyopikwa.

Wiki tatu nyuma niliwatumia wenzangu wa kutengeneza gemu faili la bao langu. Tuko tisa: Unguja, Dar, Mombasa, na mmoja yuko Muscat. Hakuna anayelipwa hata senti kwa kazi hii. Majibu yakaja usiku ule ule. "Kali sana kaka." "Moto!" Nikalala nacheka. Asubuhi nikajiuliza, moto wapi? Hakuna aliyesema kama amecheza mpaka mwisho. Na sikuwa na uso wa kulalamika, maana gemu ya daladala ya mwenzangu mmoja niliiandikia "noma" baada ya dakika mbili, nikiwa kwenye foleni ya benki.

Nikakumbuka Ludum Dare, yale mashindano ya kutengeneza gemu ndani ya wikendi moja, yaliyoanza 2002. Pale ukitaka gemu yako ionekane, unacheza za wengine na kuzipa alama. Anayecheza za watu naye huchezewa. Nikapendekeza na sisi tufanye vivyo hivyo: kabla hujatuma yako, cheza ya mwenzako robo saa, kisha uandike ulipokwama. Ulichopenda kaa nacho. Wawili walininunia. Mmoja akaniita mwalimu wa zamu.

Lakini maoni yakaanza kuwa na uzito. Wa Mombasa akataka kila shimo liwe na namba ya kuonyesha kete zilizomo, na wengine karibu wote wakamuunga mkono. Nikaziweka. Wa Muscat, ambaye nilimpa msimbo wote, akagundua kwamba kuna wakati simu inaganda. Kumbe katika bao kuna mipango ya kete ambayo ukianza kutawanya hufiki mwisho, unazunguka tu. Barazani ikitokea hivyo watu watabishana mpaka waamue. Simu haijui kubishana, inazunguka mpaka inapata moto. Alinirudishia faili ameongeza mistari kumi na miwili: raundi zikizidi kiasi fulani, mchezo unasimama. Akasema hataki jina lake litajwe popote. Nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa gemu.

Ijumaa baada ya Alasiri nikaipeleka simu barazani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nini hicho?"

"Bao."

Akacheka, akapangusa vidole kwenye kikoi, akaipokea.

Wenye uzoefu husema mpe mtu gemu, kisha ufunge mdomo utazame. Sikujua kama ni adhabu kiasi kile. Kila alipobonyeza pasipobonyezeka nilitamani kumshika mkono. Mara akaziba skrini kwa kidole gumba.

"Hizi namba nani kaziweka?"

"Mimi babu. Ili mtu asipate tabu ya kuhesabu."

"Ah. Sasa mimi na asiyejua kuhesabu tumekuwa sawa?"

Akaendelea. Tulikuwa bado kwenye namua, hatua ya kwanza ya kuingiza kete, na alikuwa anailea nyumba yake, lile shimo lake kuu, kwa utulivu ambao mimi sina. Inaanza na kete sita, unaiangalia inakua, huigusi. Kisha akala, akatawanya, kete ya mwisho ikatua pale pale kwenye nyumba. Akaegemea ukuta kufikiri. Gemu haikumsubiri. Ikazizoa kete zote za nyumba na kuondoka nazo, puu puu puu, mpaka ikaishia shimo tupu.

"Aa! Umenivunjia nyumba!"

Wazee wengine wakageuka.

"Hukuniuliza kama nalala au nakwenda safari," akasema, sasa kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma. Akailaza simu kifudifudi juu ya baraza, akaita kahawa.

Watu tisa, wiki tatu, hakuna aliyeliona hilo. Tulijadili rangi ya mbao, ukubwa wa vitufe, hata umbo la kete. Na kanuni yenyewe naijua! Hapo mchezaji huchagua mwenyewe: alale, yaani asimame, au aende safari, yaani azizoe kete za nyumba aendelee. Imo kwenye daftari langu, nimeipigia mstari. Siku ya kuiandika nilisema moyoni, nani atataka kulala wakati anaweza kuendelea? Nikaamua kwa niaba yake. Dakika kumi zote mzee yule alikuwa anajiandalia uamuzi mmoja, na huo huo ndio niliomnyang'anya.

Kwa hiyo leo nimeufuta ule msimbo wa kuendelea wenyewe. Sasa kete ya mwisho ya kula ikitua kwenye nyumba, gemu inasimama na vinatokea vitufe viwili: Lala, Safari. Zile namba nazo nimezificha kwenye mipangilio, anayezitaka azitafute. Wa Mombasa atanisema. Nimeshamwandikia sababu, ila sijatuma.

Kuna jambo jingine mzee alilisema wakati naaga. "Na kete zako hazisemi." Nikadhani anataka muziki. Kumbe anasikiliza: mwenzake akitawanya, yeye macho yako kwingine, masikio yanahesabu.

Nimeazima bao la jirani na mfuko wa komwe. Nimejifunika blanketi na simu, narekodi kete zikidondoka kwenye mti, moja moja. Mara ya kwanza paka kalia. Mara ya pili bodaboda. Sasa ni mara ya saba, na shimo lenye kete mbili kweli halitoi sauti sawa na lenye kete tisa.