Jinsi Nilivyotafuta Kosa kwenye Gari Lililokwama katika Fowili

Gari langu la mizigo lina fowili, yaani nguvu kwenye magurudumu yote manne, ya aina isiyo na difu ya katikati (gia zinazoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti), ile inayoingizwa kwa kuzungusha swichi kwenye dashibodi na inayokusudiwa kutumika mahali penye matope, mchanga au changarawe peke yake. Nilipotoka kwenye njia ya matope na kurudisha swichi kwenye magurudumu mawili, taa ya fowili iliendelea kuwaka na kuzimika, na nilipoingia kwenye lami usukani ukawa mzito katika kila kona, huku tairi za mbele zikilia na gari zima likishtukashtuka kana kwamba kuna mtu anashika breki na kuziachia. Kila niliyemweleza tatizo hilo alikuwa na kipuri chake cha kunitajia: huyu transfa nzima, yule mota ya kubadilishia, mwingine swichi. Niliamua kutonunua chochote hadi nijue ni wapi hasa palipokataa kuachia.

Katika gari la namna hii nguvu hupita mahali pawili kabla ya kufika kwenye magurudumu ya mbele. Pa kwanza ni ndani ya transfa, yaani sanduku la gia lililo nyuma ya giaboksi, ambamo kola yenye meno husogea na kuifunga propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli) ya mbele pamoja na ya nyuma. Pa pili ni kwenye ekseli ya mbele, ambako kola nyingine huunganisha au kutenganisha shafti ya gurudumu la upande mmoja. Transfa ikibaki imefungwa huku ekseli imeachia, propela ya mbele itazunguka bure tu. Ekseli ikibaki imefungwa huku transfa imeachia, hali ni hiyo hiyo. Kwa hiyo usukani ukiwa mzito na tairi zikilia kwenye lami, ujue kwamba sehemu zote mbili zimefungwa kwa wakati mmoja, na si rahisi vipuri viwili visivyogusana vife siku moja. Hoja hiyo ndiyo iliyoniongoza kuanzia hapo.

Kabla ya kutafuta kosa la umeme au la chuma ilinibidi kuondoa msokoto. Kwenye kona magurudumu ya mbele hupita katika duara kubwa kuliko ya nyuma, kwa hiyo propela ya mbele huhitaji kuzunguka kwa kasi zaidi, na transfa isiyo na difu ya katikati haitoi nafasi hiyo. Kwenye udongo tofauti hiyo humalizwa na tairi zinapoteleza kidogo. Kwenye lami kavu haziwezi kuteleza kwa urahisi, na msokoto hubaki ndani ya shafti na gia kama nguo inayokamuliwa. Meno ya kola hubanwa kwa nguvu hiyo, na mota ndogo ya umeme haina ubavu wa kuyachomoa hata ikiwa nzima. Dawa yake ni kurudi nyuma polepole, usukani ukiwa umenyooka, kwa umbali wa mita kadhaa, huku swichi ikiwa tayari kwenye magurudumu mawili. Magari mengi yanayodhaniwa kuwa mabovu huachia papo hapo kwa mlio mdogo wa chuma. La kwangu lilipungua ukaidi kwa muda, usukani ukalegea, lakini taa iliendelea kumetameta na uzito ukarudi kwenye kona iliyofuata. Msokoto ulikuwapo, ila haukuwa chanzo.

Hapo nililiweka gari mahali tambarare, nikazuia magurudumu ya nyuma kwa magogo mbele na nyuma, nikavuta handibreki, nikaweka gia huru, kisha nikainua gurudumu moja la mbele kwa jeki na kuliegemeza juu ya stendi. Magogo hayo si ya hiari: transfa ikisimama katikati, kwenye nafasi isiyo na gia, gari halizuiwi na giaboksi hata kidogo, na hata lile la giaboksi ya otomatiki lililowekwa kwenye P linaweza kujiendea.

Jaribio lenyewe ni la kuzungusha gurudumu lililo hewani kwa mkono huku mtu mwingine akitazama propela ya mbele kutoka pembeni. Gurudumu likizunguka na propela ikatulia, ekseli imeachia. Likizunguka pamoja na propela, ekseli imefungwa lakini transfa imeachia. Likikataa kabisa kuzunguka, na umeshahakikisha kwamba breki haishiki, basi vyote viwili vimefungwa, kwa sababu nguvu ya mkono wako inapita kwenye difu ya mbele, inaingia kwenye transfa na kuishia kwenye magurudumu ya nyuma yaliyo chini. Langu lilikataa.

Katika gari langu, kama ilivyo kwa mengi ya aina yake, kompyuta huiamuru kwanza transfa iachie, na ekseli huachia pale tu sensa ya transfa inapotoa taarifa kwamba kazi imekamilika. Ndiyo maana sikuhangaika na ekseli wala mipira yake ya vakyumu (ile ya kunyonyea hewa), ingawa ipo wazi na inashawishi kuguswa. Swali lilikuwa moja: kwa nini transfa haisogei?

Nilimwomba mwenzangu azungushe swichi huku nikisikiliza chini ya gari. Mota iliyo nzima hutoa mvumo mfupi. Hii ilikuwa kimya. Fyuzi ilikuwa nzima. Nikachukua multimita na kupima volti kwenye soketi ya mota, nikiingiza ncha za kupimia kwa nyuma bila kuichomoa soketi, kwa kuwa waya ulioliwa na kutu unaweza kuonyesha volti 12 ukiwa hauna mzigo na kuanguka kabisa mota inapoanza kudai umeme. Volti zilikuja kamili kila amri ilipotolewa, zikadumu sekunde chache, kisha zikakatika, maana kompyuta huacha kujaribu inapoona hakuna mabadiliko. Kwa kipimo hicho swichi, rilei, waya na kompyuta vyote viliondoka kwenye orodha ya washukiwa. Kilichobaki kilikuwa ama mota yenyewe au uma wa kusogezea kola ndani ya transfa.

Mambo hayo mawili yanatofautiana sana kwa gharama na kazi, na kuyatenganisha ni rahisi mno, jambo linalonishangaza ninapoona transfa zikifunguliwa ovyo. Nilikata umeme wa betri, nikafungua boliti za mota na kuitoa, nikashika kwa spana kile kishafti kinachojitokeza kwenye transfa, nikakizungusha taratibu. Kilisogea kwa ulaini, kikagonga kidogo kila kilipofika kwenye nafasi yake, na kilipofika mwisho wa upande wa magurudumu mawili, gurudumu lililo hewani likazunguka. Propela ilizunguka pamoja nalo, kama nilivyotarajia, kwa sababu sensa iko ndani ya mota na ekseli ilikuwa bado haijapata taarifa. Kama kishafti kingekataa, ningejua kwamba tatizo liko ndani, na hapo ndipo transfa ingestahili kushushwa.

Mota nilipoifungua ilikuwa na maji yaliyochanganyika na kutu, na kaboni zake, zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zilikuwa zimeng'ang'ania kwenye nyumba zake. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umekauka na kupasuka. Nilifunga mota nyingine, nikihakikisha kwamba kishafti na mota viko kwenye nafasi moja kabla ya kukaza boliti, kwani vikipishana kompyuta itasoma fowili pale ambapo hakuna. Taa ilizimika, na kidogo baadaye ekseli nayo ikaachia yenyewe bila kuguswa.

Sikuishia hapo, kwa kuwa nilitaka kujua kwa nini msokoto ulirudi haraka hivyo. Tairi za nyuma zilikuwa mpya na za mbele zilikuwa zinakaribia kuwa vipara. Tofauti ya milimita 5 katika kina cha meno hupunguza kipenyo cha gurudumu kwa milimita 10. Gurudumu la milimita 750 huzunguka takriban mara 424 kwa kilomita moja, na la milimita 740 takriban mara 430. Mizunguko hiyo 6 ya ziada haina pa kwenda ndani ya transfa iliyofungwa, hata barabara ikiwa imenyooka, na mota hulazimika kupambana nayo kila mara. Nilibadilisha za mbele, na sasa tairi zote nne ni za saizi moja na zina upepo unaolingana.

Kuna njia ya dharura ambayo sikuihitaji: kufungua propela ya mbele na kuendesha gari kwa magurudumu ya nyuma hadi kwa fundi, baada ya kuweka alama ya rangi kwenye viungo ili irudi ilivyokuwa. Inafaa kwa transfa ya aina hii pekee. Gari lenye fowili ya kudumu na difu ya katikati, likiondolewa propela moja bila difu hiyo kufungwa, halitasogea, kwa kuwa nguvu yote itapotelea upande usio na mzigo.