Mkwaju mmoja na simlinki isiyofuatiliwa

Wiki chache zilizopita niliihamishia folda ya data ya mradi wetu, ambao tunautunza kwa Git (programu inayohifadhi historia ya mabadiliko ya faili), kwenye diski nyingine yenye nafasi zaidi, na mahali pake nikaacha simlinki, yaani kiungo kinachoelekeza mahali pengine, yenye jina lilelile, data, ili programu zetu ziendelee kusoma pale zilipozoea. Faili ya .gitignore, inayoorodhesha vitu ambavyo Git ivipuuze, ilikuwa na mstari uleule uliokuwamo tangu siku ya kwanza, yaani data/, kwa hiyo nilipoandika git add -A, amri ya kuongeza kila kitu kisichopuuzwa, sikuwa na wasiwasi wowote. Nilikomiti, yaani niliyaingiza mabadiliko kwenye historia ya mradi, nikayasukuma kwenye hifadhi tunayoshirikiana, nikaendelea na shughuli nyingine. Mwenzangu alipovuta mabadiliko hayo, folda yake ya data, ambayo kwake ilikuwa folda halisi yenye matokeo ya siku kadhaa, ilitoweka, na badala yake akakuta simlinki inayoelekeza kwenye diski ambayo kompyuta yake haina.

Kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikuisoma orodha ya nilichokuwa nakikomiti. Mwongozo wa .gitignore unaeleza bayana kwamba mchoro (mstari wa kulinganisha majina) unaoishia kwa mkwaju, yaani alama ya /, hulingana na folda tu, wala haulingani na faili ya kawaida au simlinki yenye jina hilo. Git inapoikagua simlinki haiangalii kilichopo upande wa pili, bali huiangalia simlinki yenyewe, ambayo kwa mfumo wa faili si folda. Hivyo siku niliyoihamisha folda, mstari wa data/ uliacha kuihusu, na kitu kilichokuwa kikipuuzwa kikageuka kuwa kitu kisichofuatiliwa, yaani ambacho Git inakiona lakini bado hakimo katika historia yake, tayari kuzolewa na amri yoyote inayoongeza kila kitu. Nilipoitazama komiti ile baadaye kwa git show, ushahidi wote ulikuwa katika mistari michache: new file mode 120000, kisha mstari mmoja ulioongezwa, +/mnt/diski2/data, na chini yake taarifa kwamba faili haina mstari mpya mwishoni. Hivyo ndivyo Git inavyoihifadhi simlinki, kama kijifaili ambacho maudhui yake yote ni anwani.

Kwa upande wa mwenzangu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kama faili zake zingekuwa hazifuatiliwi tu, Git ingekataa kuzifuta na ingemwambia hivyo. Zilikuwa zimepuuzwa, na Git huchukulia kilichopuuzwa kuwa kitu kinachoweza kutupwa pale njia yake inapohitajika kwa kitu kingine.

Wapo wanaosema kwamba dawa ni programu kuifuata simlinki na kuichukulia kama folda inayoelekezewa. Sikubaliani nao hata kidogo. Simlinki inaweza kuelekeza nje ya mradi, inaweza kuelekeza kwenye folda ileile ambamo yenyewe imo na kuzunguka bila kikomo, na kilichopo upande wa pili kinaweza kubadilika bila mradi kuguswa. Git hukataa kuongeza data/faili.csv ikiwa data ni simlinki, na Mercurial, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, nayo hukataa njia inayopita ndani ya simlinki. Ukali huo una sababu. Kasoro ya usalama ya Git yenye namba CVE-2021-21300, iliyorekebishwa Machi 2021, na ile ya CVE-2024-32002, iliyorekebishwa Mei 2024, zote zilitumia simlinki kwenye mifumo ya faili isiyotofautisha herufi kubwa na ndogo ili kuifanya Git iandike mahali isipokusudia, na hatimaye kuendesha msimbo wa mshambuliaji wakati mtu anakloni tu, yaani ananakili mradi kwenye kompyuta yake. Kwa hiyo msimamo wa kwamba simlinki ni kitu chenyewe ubaki ulivyo. Hata git clean, amri ya kufuta visivyofuatiliwa, huufuata vizuri, maana huondoa simlinki na kuacha kilichoelekezewa.

Ninacholalamikia ni ukimya. Ukijaribu kuongeza hazina nyingine ya Git (mradi mwingine wenye historia yake) iliyomo ndani ya mradi wako, Git hutoa onyo refu na kueleza kwa nini huenda hukukusudia hivyo. Simlinki isiyofuatiliwa inayoelekeza kwa njia kamili, yaani anwani inayoanza na mkwaju, au inayotoka nje ya mradi, inastahili onyo kama hilo, kwa kuwa ni nadra sana ifae kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Vilevile git status, amri inayoonyesha hali ya mradi, ingeweza kuongeza maneno machache pale jina la simlinki linapolingana na mchoro ambao umeikosa kwa sababu ya mkwaju tu. Kubadilisha maana ya mkwaju wenyewe nisingependekeza, kwa kuwa wapo walioandika mstari wa namna hiyo makusudi ili folda ipuuzwe na simlinki ikomitiwe.

Kwa sasa nimeitoa simlinki ile katika ufuatiliaji wa Git kwa git rm --cached, mstari wa .gitignore nimeuandika /data bila mkwaju wa mwisho, na simlinki nyingine za kompyuta yangu peke yangu naziandika ndani ya .git/info/exclude, orodha nyingine ya kupuuza ambayo haisukumwi kwa mtu yeyote. Nimeandika pia hook fupi, yaani programu ndogo inayojiendesha kabla ya komiti, inayosoma git diff --cached --raw, hutafuta 120000, alama ya simlinki, na husimamisha kazi ikiwa anwani inaanza na mkwaju. Juzi ilinisimamisha: nilikuwa nimeunganisha folda ya fonti kwa ajili ya jaribio la dakika tano, nikasahau kuiondoa.