Kabla hujachagua nchi ya kusomea masta ya afya ya umma

Kila mara napata meseji za watu wanauliza, nikasome wapi masta ya afya ya umma, Uingereza au Marekani? Na mimi huwa nauliza kwanza, ukimaliza unataka kufanya kazi gani? Maana zote zinaitwa MPH (Master of Public Health) lakini ukizifungua ndani ni vitu tofauti kabisa.

Mimi nilisoma ile ya Uingereza, krediti 180 ndani ya miezi 12. Ina uzuri wake, huachi kazi muda mrefu na hata skolashipu ya Chevening, ile ya serikali ya Uingereza, inalipia mwaka mmoja, ila jamani ule mwaka unakimbia. Nilitaka kuwahoji akina mama kuhusu kwa nini watoto wao hawamalizi chanjo, nikaandika pendekezo nikapeleka kamati ya maadili ya utafiti, likarudi na marekebisho, nikarekebisha, likarudi tena, ruhusa inakuja kutoka zimebaki wiki saba tu. Ikabidi niachane na mahojiano nichukue data za DHS, zile tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu, zilizokwisha kukusanywa. Tasnifu ilipita vizuri lakini wale akina mama sikuwasikia hata mmoja, na hilo linaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana mtu akiniambia anataka utafiti wa kwenda kuongea na watu namwambia aangalie kozi za miaka miwili. Marekani nyingi ziko hivyo, na zile zenye ithibati ya CEPH, baraza la Marekani linalokagua kozi za afya ya umma, hazishuki chini ya krediti 42 (krediti zao zinahesabiwa tofauti na za Uingereza) halafu lazima ufanye kazi ya vitendo, sio darasani tu. Shida ni ada, ni kubwa mno.

Kuhusu kusoma bure Ulaya, angalieni tarehe ya hizo posti mnazosoma mitandaoni zinazosema hakuna ada. Sweden ilianza kutoza ada wanaotoka nje ya Ulaya mwaka 2011, Finland 2017, Norway 2023. Ujerumani vyuo vingi vya serikali bado havitozi, lakini baadhi ya masta za afya ya umma kule zinahesabiwa kama mafunzo ya kujiendeleza kazini na hizo zina ada, kwa hiyo soma ukurasa wa kozi yenyewe, usiishie kwenye jina la nchi. Na msiruke Makerere wala Cape Town, ukisoma huko magonjwa na mifumo unayojifunza ndiyo utakayokutana nayo kazini.

Takwimu ni za kila mahali, huzikwepi. Darasani nilikaa na nesi aliyechanja watoto miaka mingi, siku ya kwanza ya epidemiolojia, somo la jinsi magonjwa yanavyosambaa kwa watu, tukapewa kajedwali ka vyumba vinne tu, waliochanjwa na wasiochanjwa, waliougua na wasiougua. Akapiga hesabu kwa penseli, akagawanya, akanyamaza, halafu akasema kumbe kazi yangu yote ile inaonekana hapa. Kama wewe unataka hesabu hizo kwa kina tafuta MSc ya epidemiolojia, MPH inagusa mengi, sera, uongozi, mazingira, huwezi kuzama kote.

Kabla hujaaplai mtafute mtu aliyemaliza kozi hiyo mwaka jana umuulize ruhusa ya utafiti aliipata mwezi gani. Na ukishapata orodha ya moduli za kozi mbili unazozitaka nitumie, tutazisoma pamoja mstari kwa mstari.